Aliyeupa Mwenge Mgongo

Watu wa Dar es Salaam tunapenda kuona. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Mji huu umejaa watu waliotoka mbali, Usukumani, Uchagani, Songea, Kilwa, Pangani, na kila aliyefika alifika na hamu ya kujionea mwenyewe: bahari, meli, maghorofa, Simba na Yanga. Hamu hiyo haijazimika. Likitokea jambo barabarani, wapita njia husimama, wenye maduka hutoka nje, konda huning'inia mlangoni, abiria wa upande wa pili wa daladala hunyanyuka kwenye viti vyao, na shingo zote huelekea mahali pamoja.

Nimeishi ndani ya makundi ya namna hiyo tangu utotoni, mara nyingine nikiwa mbele, mara nyingi nikiwa nyuma. Yamenifundisha jambo ambalo ningependa lifundishwe shuleni, misikitini na makanisani, na kwenye kila kamati inayokusanya watu: palipo na watu wanaorefusha shingo, lazima awepo mtu aliyekubali kutoona. Asipokuwepo, wenye kulipa ni wale waliokuwa wanaona vizuri kuliko wote.

Nimekulia Mbezi Beach, upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo, si mbali na Tangi Bovu, wakati ambapo mashamba ya minazi na mikorosho yalikuwa bado yanakatwa viwanja, na barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kwetu wanafunzi wa shule ya msingi, siku kubwa ya mwaka ilikuwa ile ya kupita kwa Mwenge wa Uhuru. Historia yake tuliijua kwa kukariri: uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na baadaye ukawa unakimbizwa nchi nzima kila mwaka.

Siku hiyo tulipangwa pembezoni mwa lami tangu asubuhi, mashati meupe yamepigwa pasi ya mkaa, mikononi vibendera vya karatasi. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mwalimu wa zamu alikuwa ameweka mstari wa chokaa mchangani, hatua chache kutoka kwenye lami, na amri yake ilikuwa moja tu: vidole vya miguu visivuke chokaa. Jua likapanda, hakuna kitu. Likapanda zaidi. Mara tukasikia king'ora.

Hapo mstari ukaanza kuvimba. Wa nyuma walisimama kwa ncha za vidole wakaegemea mabega ya wa katikati. Wa katikati wakatusukuma sisi wa mbele. Na sisi wa mbele, tuliokuwa na nafasi nzuri kuliko wote, ndio tuliojikuta tunasogezwa kwenye lami bila kutaka, huku pikipiki za polisi zimeshafika. Mwalimu alijiweka kati yetu na barabara, mikono ameitanua, mgongo ameupa msafara. Alikuwa anatazama miguu yetu. Magari yakapita nyuma yake kwa nyimbo na honi, upepo ukampeperusha kilemba, naye hakugeuka hata mara moja.

Vumbi lilipotulia tukawa tunarukaruka, kila mmoja anadai ameuona moto wenyewe. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, na wewe umeuona?" Akajibu hajauona, kisha akatuamuru tusimame wawili wawili atuhesabu.

Nilichelewa kuielewa kazi aliyokuwa anaifanya. Utotoni niliona ni ukali tu wa walimu. Leo naona kwamba mwalimu yule alijua jambo ambalo watu wengi wazima hatulijui: katika kundi linalotazama, nguvu hutoka nyuma na hatari hukaa mbele. Anayesukuma haoni anachokisababisha, na anayesukumwa hawezi kurudi. Kwa hiyo lazima apatikane mtu mmoja wa kusimama pale mbele, awatazame watu badala ya kulitazama tukio, na awe na sauti ya kusikika hadi nyuma.

Somo la pili lilikuja na televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Hata baada ya hapo, seti zilikuwa za kuhesabika mtaani kwetu. Mzee mmoja jirani, fundi mwashi aliyestaafu, alikuwa nayo moja ndogo, na wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1998 aliitoa sebuleni akaiweka juu ya meza kwenye kibaraza, ili mtaa mzima uone.

Fainali ilichezwa Julai 12, Ufaransa na Brazili, na kwetu ilikuwa usiku. Uwanja wa mzee ulijaa. Watoto tulikaa chini mkekani. Nyuma yetu kina mama kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa. Nyuma yao wanaume wamesimama, na waliochelewa kabisa wamepanda kwenye rundo la tofali. Upangaji huo haukuandikwa popote, lakini kila mtu aliujua, kwa kuwa ndio upangaji wa ngoma tangu zamani: wafupi mbele, warefu nyuma, na mtu mzima mwenye kijiti anayezunguka kuwarudisha watoto ili wachezaji wasikose nafasi.

Tatizo lilikuwa antena. Ilifungwa kwenye mlingoti wa mwanzi nyuma ya nyumba, na upepo wa bahari uliigeuza kila mara, picha ikawa chenga tupu. Ilibidi mtu akae pale nyuma kwenye giza, ameushika mlingoti, anauzungusha taratibu huku anapaza sauti, "Vipi?" na sisi mbele tunajibu, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Mtu huyo haoni mpira. Anasikia kelele zetu tu. Zinedine Zidane alipofunga bao la kwanza kwa kichwa, aliyeshika mlingoti alikuwa kijana wa mzee mwenyewe. Tulipiga kelele hadi mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia, naye akabaki anauliza kutoka nyuma ya nyumba, "Nani kafunga? Nani?"

Mzee hakuliacha jambo hilo lipite. Aliinuka akasema, "Haya, zamu. Wewe kijana uliyesimama kwenye tofali, nenda kampokee mwenzako." Kijana akaenda. Baada ya muda akaenda mwingine. Zidane alifunga la pili, pia kwa kichwa, na karibu na mwisho Emmanuel Petit akafunga la tatu, na kila bao lilimkuta mtu mwingine kwenye mlingoti. Hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa kila mmoja alijua atapokelewa. Mwalimu wa Mwenge alikuwa amebeba kazi ya kutoona peke yake, kwa sababu ilikuwa kazi yake ya mshahara. Mzee huyu alituonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kugawanywa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 14, 1999, Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia London. Mwili wake uliwasili Dar es Salaam Oktoba 18. Mama alituchukua, tukashuka mjini kwa daladala, tukabadilisha, na safari iliyobaki tukaimalizia kwa miguu pamoja na maelfu ya watu, hadi kwenye Barabara ya Pugu, ile ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kimya hivyo. Walikuwa juu ya mapaa ya maduka, juu ya malori yaliyoegeshwa, kwenye matawi ya miti, kwenye kuta. Wanaume walibeba watoto mabegani. Kila mmoja alikuwa anatafuta upenyo wa kuona jeneza, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua.

Karibu nasi alisimama bibi mmoja, amejifunga khanga mbili, mfupi, ameshika mkono wa mjukuu. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa migongo ya vijana. Hakusukuma. Alipaza sauti ya upole, ile sauti ya watu wa pwani ambayo ni ombi na amri kwa pamoja: "Wanangu, mlio mbele chuchumaeni, na sisi tumzike mzee wetu kwa macho." Vijana waligeuka wakamtazama. Mmoja akasema, "Shikamoo bibi," akachuchumaa. Wa pembeni yake naye akachuchumaa. Safu ya mbele nzima ikashuka chini, kisha ya pili, na kwa umbali wote niliokuwa naweza kuuona wale wa mbele walikuwa wameketi kwenye vumbi. Msafara ulipopita, bibi aliona. Mama aliona. Mimi niliona gari, bendera, na askari waliosimama wima. Waliochuchumaa waliona pia, tena vizuri.

Nimeikumbuka siku ile kila ninaposikia mtu akisema umati hauna akili. Umati ule ulikuwa na akili, na uliitumia mara tu ulipopata mtu wa kuuomba. Ulikuwa pia na nafasi. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege ni ndefu, watu walitandazwa kwa kilomita nyingi pande zote mbili, na hapakuwa na mlango mmoja ambao kila mtu alilazimika kuupita. Heshima peke yake isingetosha kama maelfu yale wangebanwa kwenye geti moja.

Hilo tulikuja kulijua kwa uchungu. Rais John Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Wakazi wa Dar es Salaam walipewa nafasi ya kumuaga katika Uwanja wa Uhuru, Temeke, ule ambao watu wa mpira huuita Shamba la Bibi. Jumapili ya Machi 21 watu walikuwa wengi kuliko milango. Siku chache baadaye Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalum ya Dar es Salaam, Lazaro Mambosasa, alitangaza kwamba watu 45 walikufa katika msongamano ule na wengine 37 kujeruhiwa. Alieleza kwamba watu wengi walitaka kuingia uwanjani na baadhi yao walikosa subira.

Watu 45 walitoka majumbani kwenda kumuaga marehemu, wakawa marehemu wenyewe. Walikuwa na sababu njema ya kwenda. Kuaga ni jambo kubwa kwetu. Tunaamini kwamba asiyeuona uso wa mwisho anabaki na deni, na ndiyo maana hata kwenye msiba wa mtaani mtu husafiri usiku kucha kutoka Mbeya ili tu apite mbele ya jeneza. Mwaka 2012, alipofariki msanii Steven Kanumba, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu kadhaa walizimia. Hamu ya kuona uso wa mtu aliyependwa haiwezi kukatazwa, na mimi sitaki ikatazwe. Nataka ipangiwe nafasi.

Ni vizuri tuelewe watu hufaje katika msongamano, kwa sababu wengi tunadhani hufa kwa kukanyagwa. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Wataalamu wa mikusanyiko wanasema kwamba watu wanapofikia sita au saba katika mita moja ya mraba, hakuna tena mtu mmoja mmoja anayeamua pa kwenda. Kundi lote linayumba kama maji ndani ya pipa, na miguu ya mtu inaweza kuacha kugusa ardhi. Kifua kikibanwa mbele na nyuma, mapafu hayapati nafasi ya kupanuka. Mtu anaweza kupiga kelele mara moja au mbili, kisha pumzi inaisha. Na walio nyuma hawajui. Wa mbele wanapobanana, mbele ya wa nyuma hufunguka kijinafasi, naye anadhani foleni inasogea, anapiga hatua moja. Hatua hiyo moja, ikipigwa na watu elfu, inaua.

Ndivyo ilivyotokea Hillsborough, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Aprili 15, 1989. Mashabiki wa Liverpool waliofika kuangalia nusu fainali ya Kombe la FA walifunguliwa geti, wakaingia kwenye njia iliyowapeleka moja kwa moja nyuma ya wenzao waliokuwa wamekwisha kubanwa kwenye uzio. Waliokuwa wanaingia walitaka kuuona mpira. Hawakuwa na namna ya kujua kwamba walio mbele walikuwa wanakufa. Watu 97 walipoteza maisha. Kwa miaka mingi lawama zilibebeshwa mashabiki, mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba waliokufa waliuawa kwa uzembe mkubwa, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Baada ya maafa yale viwanja vya Uingereza vilibadilishwa. Uzio ulitolewa, katika ligi za juu viti vikawekwa mahali pa kusimama, na kazi ya walinzi wa uwanjani ikapewa uzito mpya. Ukiangalia mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza kwenye banda la mpira hapa Mbezi, tazama pembezoni mwa uwanja. Utawaona watu wenye makoti ya rangi inayong'aa, wamekaa au wamesimama kwa safu, migongo wameupa mpira. Dunia nzima inaangalia kile kilicho nyuma yao, na wao macho yao yako kwa mashabiki: nani anapanda, nani ameanguka, wapi watu wanabanana. Kila nikiwaona ninajua thamani yao, maana nimeshawahi kulindwa na mtu wa namna hiyo.

Lakini si kila tukio lina maandalizi. Mengi yanayotuvuta shingo huzuka ghafla. Jioni moja, miaka ya karibuni, nilikuwa kituoni Mbezi Beach nikisubiri gari la kuelekea Tegeta. Barabara ya Bagamoyo ilishapanuliwa kwa msaada wa Japani, magari yanakimbia kuliko zamani. Gari dogo liliigonga bodaboda, dereva wa bodaboda akarushwa pembeni. Kabla sijavuka, duara lilikuwa limekwisha kujikunja. Watu walikuwa wamemzunguka kijana yule safu baada ya safu, wa nyuma wanasimama juu ya kingo za mtaro, na upande wa pili wa barabara magari yalipunguza mwendo ili madereva wachungulie, mpaka foleni ikaanza kwenye njia ambayo haikuwa na ajali yoyote. Simu zilikuwa juu.

Mama lishe mmoja, anayeuza chakula hatua chache kutoka pale, alipenya hadi katikati. Alimwangalia kijana, akaona anapumua, akavua khanga yake ya juu. Nilidhani atamfunika. Badala yake alimshika binti aliyekuwa karibu naye akampa pindo moja. "Shika hapa, mwanangu. Geuka. Usimwangalie yeye, waangalie wao." Mwingine akatoa kitenge. Mwingine mtandio. Kwa dakika chache wanawake watano au sita walikuwa wameunda ukuta wa vitambaa, nyuso zao zikitazama nje, na kila hatua waliyopiga kuelekea kwetu ilituongezea umbali na kumwongezea kijana hewa.

"Kaka zangu, rudini nyuma, gari lipate pa kupita," alisema. "Wewe mwenye fulana ya Yanga, kasimame barabarani usimamishe magari. Na wewe unayerekodi, hiyo simu itumie kuwapigia polisi." Alizungumza kama mtu anayepanga kazi za shughuli, bila matusi, na kila aliyetajwa alitii. Aliyekuwa anarekodi alipiga. Mwenye fulana ya Yanga alisimama barabarani. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa amesomea huduma ya kwanza akazuia kijana asiinuliwe kwa mikono na miguu kama gunia, wakaletewa ubao kutoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na gari la wazi likampeleka hospitali. Msaada ule ulipatikana kwa sababu ya wale waliokubali kugeuka. Sisi wengine tulikuwa wengi, tena wenye huruma, lakini huruma yetu ilikuwa imeziba njia.

Kuna ajali ambazo kusogea kuangalia ni kifo chenyewe. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika, wapo waliokwenda kuchota petroli, wapo waliosimama tu kutazama. Lori likalipuka, na waliokufa walizidi 100. Moto haukuwachagua waliochota ukawaacha waliotazama. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana. Nimemsikia mzazi mmoja akiwausia wanawe kwamba kwenye lori la mafuta lililoanguka, namna pekee ya kusaidia ni kukimbia huku unawafukuza wengine. Wosia ule ningeuandika kwenye kila kituo cha mabasi.

Siku hizi shingo imepata msaidizi. Asiyefikia kwa macho hunyoosha mkono wenye simu juu ya vichwa vya wenzake, na kinachoonekana na kioo kile huonekana Mwanza na Muscat kabla damu haijakauka. Ninajua familia iliyojua kifo cha baba yao kupitia picha kwenye kundi la WhatsApp. Mtoto wa kidato cha pili aliitambua miguu ya baba yake kwa viatu. Aliyepiga picha hakuwa na nia mbaya. Huenda aliamini anatoa taarifa. Lakini mtoto yule alipaswa kuambiwa na shangazi yake, ameketishwa chini, ameshikwa mkono. Hiyo ni haki ambayo hakuna sheria inayoweza kuirudisha ikishachukuliwa. Kwa hiyo nasema kwamba kuugeuza uso kumehamia hata kwenye kiganja: picha inapokufikia, wewe ndiye mlinzi uliyesimama kati ya tukio na umati, na uamuzi wa kuisambaza au kuifuta ni wako.

Tuna utaratibu wetu unaofaa kuigwa, na tunao karibu. Nenda kwenye msiba wowote Mbezi Beach siku ya kuaga. Kamati ya mazishi huteua watu kabla jeneza halijafika. Wawili husimama kichwani na wawili miguuni, na kazi yao si kulia wala kuangalia. Wanahakikisha mstari unaingia kushoto na kutoka kulia, wanamshika anayelegea, wanamnong'oneza aliyesimama muda mrefu, "Pole dada, wape na wenzako." Wazee, wajawazito na wenye watoto hutangulizwa. Nyuma kabisa ya mstari huwekwa mtu wa kuwaambia wanaofika kwamba watulie, kila mmoja atapita. Msiba wa watu mia tatu huisha bila mtu kusukumwa. Utaratibu huu ukikuzwa unakuwa utaratibu wa uwanja: milango mingi, njia ya kuingia isiyogongana na ya kutoka, vipaza sauti vinavyowafikia walio nyuma kabisa, na watu wa kutosha wanaowatazama watu.

Kwa anayejikuta katikati ya msongamano, yapo mambo machache ya kukumbuka. Weka mikono mbele ya kifua, ngumi zimekunjwa, ili mapafu yapate nafasi. Usishindane na wimbi. Subiri lipungue, kisha sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Usiiname kuokota kiatu wala simu. Aliyeanguka mnyanyue hapo hapo. Mtoto mpandishe mabegani mapema, kabla hamjabanwa. Na aliye nyuma asisubiri kuambiwa: ukiona mbele kumesimama, rudi hatua moja na umwombe wa nyuma yako naye arudi. Hatua hiyo ya kurudi husambaa kama ile ya kwenda.

Sijaacha kupenda kuona. Ndege ikipita chini nainua uso, msafara ukipita nasimama, na Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Mkapa sitaki kusimuliwa. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kila mkusanyiko, uwe wa siasa, wa ibada, wa mpira au wa msiba, waandaaji waulizwe swali moja na walijibu kwa idadi: ni wangapi watakaowapa mgongo wageni wa heshima wawatazame watu? Na panapotokea jambo la ghafla, lisilo na mwandaaji, kila mmoja wetu ajiulize kama tayari kuna aliyegeuka. Kama hayupo, ageuke yeye. Kama yupo, amwendee na kumwambia, "Nenda ukaone, nimekuja kukupokea." Tukifika hapo tutaendelea kurefusha shingo zetu kwa raha, na hakuna mzazi atakayemzika mwanawe kwa sababu alikwenda kuona.